Siku saba Mwanza, na wifi aliyekuwa hapandi chombo

Siku ya kwanza, Jumamosi

Tumeingia stendi ya Nyegezi jua linaelekea kuzama, mimi na mwanangu wa miaka 12, na mfuko wa nazi ishirini tuliotoka nao Tanga. Safari ya basi ilikuwa ndefu na salama, alhamdulillahi, na sina zaidi la kuieleza.

Wifi alitupokea. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mzaliwa wa Magu, na kwa miaka mingi sasa anaishi Kirumba. Tangu niolewe kwao, miaka 14, kila akija kututembelea huniambia, "Wifi, wewe bahari unaijua. Nyanza je?" Nyanza kwa Kisukuma ndiyo ziwa. Mwaka huu nikasema basi, likizo hii ya shule hatuendi Pangani wala Unguja. Tunakwenda Ziwa Victoria wiki nzima: tuogelee, tupande mawe, tuone ngoma za huko alikozaliwa baba mtu. Mwenyewe kazi haikumruhusu.

Kabla ya kufika nyumbani tulipita Kamanga kulitazama Jiwe la Bismarck. Liko majini, hatua chache tu kutoka ukingoni, jiwe refu limesimamishwa juu ya mengine kama mtungi juu ya mafiga. Jina ni la kansela wa Wajerumani, wao ndio waliolibandika walipoutawala mji huu. Mwanangu akauliza nani aliyapanga. Nikamweleza nilichojifunza shuleni: haya ni matale, yalikuwa chini ya ardhi, maji yakapenya kwenye nyufa kwa muda usiohesabika, sehemu laini zikaoza, mvua ikachukua udongo, yakabaki haya magumu yamekaa yalipo. Akanyamaza akitazama milimani, ambako nyumba zimejibana katikati ya mawe na nyingine jiwe ndilo ukuta wake wa nyuma.

Mimi yalinishangaza maji. Mtu wa Tanga akifika ufukweni hutazama kwanza kama bahari imekupwa au imejaa, na mambo mengine yote huyapanga kwa hilo. Nikawa natafuta alama ya maji kwenye mawe. Wifi akaniuliza nimeangusha nini.

"Yanajaa saa ngapi?"

"Hayajai, wifi. Yako hapo hapo."

Ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lina mawimbi, lina upepo, lina meli, ng'ambo huioni, na halina kupwa wala kujaa. Nilichota kiganjani nikaonja. Hayana chumvi. Nilijua hayana, lakini ulimi ulikuwa bado unaisubiri.

Usiku Wifi alikuna nazi mbili, akaunga sato. Tulilala tumeshiba.

Siku ya pili, Jumapili

Kisiwa cha Saanane. Boti zinaondokea gati la hifadhi, Capri Point, na maji yenyewe ni ya dakika kama kumi tu. Wifi alitusindikiza hadi gatini. Jaketi okozi zilipogawiwa alichukua ya mwanangu, akakagua mikanda, akamvalisha, akavuta kila kifungo mara mbili. Nilidhani yake ataivaa baadaye. Akaiweka chini.

"Nendeni. Mimi nawangoja hapa."

"Wifi, ni hapo tu."

"Napaona. Nendeni."

Mwanangu njiani kote alikuwa anauliza kwa nini kisiwa kimeitwa kwa saa. Mhifadhi aliyetuongoza akamrekebisha kwa upole: Saanane ni mtu. Mzee Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima, na kisiwa hiki kilikuwa makazi yake. Mwaka 1964 kikageuzwa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikatangazwa hifadhi ya taifa. Ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote tulizo nazo. Haifiki hata kilomita za mraba 3, na humo maji yamehesabiwa. Napenda kwamba jina la mvuvi limebaki, wakati jiwe la jirani na ghuba kubwa ya upande wa pili bado vinaitwa kwa majina ya wageni.

Usitegemee simba wa kukutisha. Utaona swala pala wakila karibu nawe, pimbi wameota jua kwa ukoo mzima, na mijusi. Hao mijusi ndio nilioondoka nao moyoni. Dume lina kichwa na mabega ya rangi ya waridi iliyokolea, na kuanzia kiunoni hadi mkiani buluu tupu, na likishajua linatazamwa hupiga pushapu juu ya jiwe. Mwanangu alihesabu 31 akachoka.

Kupanda jiwe la juu kabisa ni kazi ya magoti na mikono. Valia viatu vyenye meno, maana tale likipata unyevu huteleza kama sabuni. Ukifika, mji wote uko mbele yako, hospitali ya Bugando kilimani, meli bandarini, na upepo unaokufanya ushike mtandio. Nililitafuta gati. Kanga nyekundu ya Wifi ilikuwa pale pale tulipoiacha. Saa mbili zilikuwa zimepita.

Jioni, mwanangu amelala, alinieleza bila kuulizwa. Tarehe 21 Mei 1996 alikuwa na miaka 17. Alitumwa alfajiri bandarini kumpokea baba yao mdogo, aliyekuwa anarudi kutoka Bukoba kununua ndizi na maharage. Akabeba chupa ya uji, kwa sababu baba mdogo alipenda uji wa moto akishuka melini. MV Bukoba ilipinduka asubuhi hiyo ikiwa imekwisha kukaribia Mwanza. Walikufa mamia ya watu. Wifi alikaa bandarini mpaka giza, akarudi nyumbani na chupa imejaa. Baba mdogo hakuonekana, si siku ile wala baadaye.

Tangu siku hiyo hajapanda chombo chochote cha majini. Mume wangu alikuwa mtoto wa miaka tisa. Miaka 14 ya ndoa, hili hajanitamkia.

Siku ya tatu, Jumatatu

Bujora iko Kisesa, barabara ya Musoma, na daladala za huko hupita Igoma. Wifi akasema tushuke Igoma kwanza. Kwenye makaburi ya Igoma kuna mnara wa kumbukumbu wa waliokufa na MV Bukoba, na wengi wamezikwa pale pamoja. Tulikaa kimya. Nilisoma Fatiha, Wifi akafanya ishara ya msalaba. Mwanangu alishika mkono wa shangazi yake, akawa hauachii hata tuliporudi barabarani kusubiri gari.

Bujora ilitupokea kwa sauti ya ngoma tangu njiani. Naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo nilipoelewa kwa nini mume wangu akisikia mdundo wa aina fulani redioni huacha kijiko mezani.

Makumbusho haya ya Wasukuma yalianzishwa na padri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, David Clement, mtu wa Kanada, aliyeingia kazi hii katika miaka ya 1950 pamoja na wazee wa hapa. Hakukusanya vitu akavifungia kabatini tu. Kanisa lenyewe limejengwa kwa mviringo, kwa mfano wa nyumba ya msonge, na ngoma zikaingia ibadani. Kuna jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake viti na ngoma za watemi kutoka pande mbalimbali za Usukuma. Kijana aliyetuzungusha alimsalimu Wifi, "Mwangaluka, mayu," akaitikiwa "Mwangaluka", na tangu hapo maelezo yakawa ya lugha mbili. Wifi akawa ananitafsiria yale ambayo kijana alidhani hayanihusu.

Yalinihusu yote. Kwa mfano, Bagika na Bagalu. Zamani, karne ya 19, walikuwepo waganga wawili wachezaji, Ngika na Gumha, kila mmoja akidai dawa yake ina nguvu kuliko ya mwenziwe. Watu wakajigawa kwa jina la kila mmoja, na mgawanyiko huo upo hadi leo katika ngoma za Kisukuma. Kila msimu wa Bulabo, mwezi Juni wakati wa sikukuu ya Ekaristi Takatifu, vikundi hushindana uwanjani Bujora. Namna ya kupata mshindi ilinifurahisha kupita yote: wanacheza wawili kwa pamoja, upande huu na upande ule, na anayevuta watu wengi zaidi ndiye kashinda. Hakuna jaji mezani na karatasi. Miguu ya watazamaji ndiyo kura. Ndiyo maana mchezaji hufanya lolote, atarusha jembe, atapanda juu ya ngoma, atacheza na chatu shingoni, mradi ukigeuka kuangalia upande wa pili urudi kwake.

Bulabo ya mwaka huu ilikuwa imekwisha, lakini kikundi kilikuwa mazoezini, na ngoma yao ilikuwa bugobogobo. Hii ni ngoma ya jembe. Chimbuko lake ni vikundi vya kulima kwa zamu: leo shamba la fulani, kesho la fulani, na mpigaji ngoma anatangulia kuweka mwendo ili majembe yashuke kwa pamoja na mtu asihisi jua. Wakanipa jembe. Linarushwa juu, linazunguka mara moja hewani, linadakwa kwa mpini huku mguu wa kulia unashuka na ngoma. Mara tatu nililiacha lianguke. Mama mmoja aliyekuwa amekaa pembeni na mtoto mgongoni akaja, akanishika kiuno kwa nyuma, akaniambia kitu kwa Kisukuma.

"Anasema usitazame jembe," Wifi akatafsiri. "Sikiliza ngoma. Jembe linajua lilipo."

Nikafumba macho. Nikalidaka. Wakapiga vigelegele, na mwanangu akaruka ruka kana kwamba timu yake imefunga. Baadaye yeye alivikwa chatu begani, akasimama wima bila kupumua. Picha ipo, imeshatumwa kwa baba yake.

Tulirudi na michembe na matobolwa kwenye mfuko. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwakatwa vibichi na kukaushwa. Matobolwa huchemshwa kwanza. Ukikosea ukaviita kwa jina moja mbele ya Wifi, utasahihishwa.

Siku ya nne, Jumanne

Igombe, ng'ambo ya uwanja wa ndege. Mchanga mweupe, mawe makubwa yanayoingia majini, watoto wanaogelea, mitumbwi imepinduliwa ikizibwa nyufa.

Kuhusu kuogelea nitasema wazi, kwa sababu niliwauliza watu wengi kabla ya kumruhusu mtoto. Ziwa hili lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi penye majani na maji yaliyotulia, na huingia mwilini kupitia ngozi, huhitaji kuyanywa maji. Tuliogelea penye mchanga mtupu na mawimbi, mbali na majani, hatukukaa sana, tukajifuta kwa taulo mara tu tulipotoka. Hiyo hupunguza hatari tu, haiiondoi. Kwa hiyo nimeweka alama kwenye kalenda: baada ya wiki sita hadi nane nitampeleka zahanati apimwe, na anywe prazikwanteli ikibidi, kwa maana dawa hiyo haiwapati vizuri minyoo wakiwa bado wachanga. Na ulizeni wenyeji kuhusu mamba na viboko kabla hamjavua viatu. Wanajua ni upande gani na saa ngapi.

Maji ni mepesi. Aliyezoea kubebwa na chumvi atajiona anazama zaidi, akaze miguu.

Usiku ndio uliokuwa wa kwangu. Binamu ya Wifi ni tajiri, yaani mwenye mitumbwi, pale mwaloni inakoegeshwa, na Wifi alikuwa amekwisha kumwomba. "Shemeji, ukipanda na vijana hurudi mpaka alfajiri," akaniambia. "Na baridi ya huko siyo ya huku." Wifi alinivalisha sweta yake, na jaketi okozi juu, akavuta mikanda mara mbili. Akabaki nchi kavu na mwanangu.

Dagaa huvuliwa gizani. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika, kwa sababu taa haziwezi kushindana na mwezi. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Sasa ni taa za betri, zinashinda mchana zikichajiwa kwa sola juu ya mabati ya kambi. Vijana wanne na mimi tulikwenda na injini kama saa nzima, wakaziteremsha taa moja moja juu ya vyelezo, zikaelea zikiwa zimepangwa mstari. Kisha injini ikazimwa.

Nilipogeuka nikaona mji. Mamia ya taa upeo mzima wa macho, kama Kirumba imehamia majini. Nikauliza ni kisiwa gani kile. "Ni sisi, mama," nahodha akanijibu. "Wote wale ni wavuvi."

Tulisubiri. Wadudu wa ziwani walikuja kwenye mwanga kama moshi, wakaingia masikioni na kwenye sweta, na chini yao dagaa wakaanza kuonekana, kwanza mmoja mmoja, kisha maji yenyewe yakawa yanameta. Wakaikokota taa polepole kuelekea mtumbwini, wavu ukiwa tayari chini, na mmoja akaanzisha wimbo. Wakavuta kwa mwendo wa wimbo, mkono kwa mkono, mgongo kwa mgongo. Mwendo ule niliujua. Jana yake niliuchezea na jembe Bujora. Bila kuambiwa nikashika kamba, na safari hii sikukosea.

Katikati ya dagaa kulikuwa na samaki wachache wadogo, wa manjano na weusi. Nahodha akawainua kwenye kiganja. Furu. Babu yake, akasema, alivua furu tu, na kila mmoja alikuwa na jina. Sangara aliletwa ziwani na watu, katika miaka ya 1950 na 1960, akawa mkubwa, akawala furu aina kwa aina hadi nyingi zikatoweka. Sangara akaleta viwanda na pesa, na bado analeta. Bondo lake peke yake, kile kifuko cha hewa cha tumboni, lina soko la nje. "Hatumchukii," akasema. "Lakini majina ya furu babu alikuwa nayo mengi, na mimi ninayo matatu."

Tulirudi mwaloni kunapambazuka. Wanawake walikuwa wamekwisha kufika na ndoo. Dagaa hawana subira. Jua likichelewa au mvua ikinyesha kabla hawajakauka, mtaji wa mama huyo umekwenda. Wanawaanika kwenye mchanga au kwenye vichanja vya nyavu, na wa vichanjani ndio bora, hawana michanga. Wifi alikuwa amesimama pale pale maji yanapogusa mchanga, viatu mkononi, maji yakimfika vifundoni.

Siku ya tano, Jumatano

Nililala mpaka adhuhuri. Alasiri binamu alitupeleka Kigongo na gari lake kuona daraja jipya.

Hapo kabla, kwenda Busisi kulimaanisha foleni ya kivuko, na mgonjwa alisubiri kama mwenye kiroba cha mchele. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 na zaidi, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na sasa ni dakika chache tu za lami juu ya maji. Wifi alikaa dirishani. Tulipofika katikati akateremsha kioo, akatoa mkono nje. Hakusema kitu mpaka Busisi, kisha akamwambia binamu, "Geuza, turudie."

Usiku, akiosha vyombo, akaniuliza Ukerewe tunakwenda lini. Mimi nilikuwa nimekwisha kuifuta kwenye mpango bila kumwambia.

"Kuna njia ya barabara," akasema. "Maji yake ni mafupi."

Siku ya sita, Alhamisi

Njia hiyo inauzunguka mkono wa ziwa wote: Magu, Lamadi ambako Serengeti inakaribia kugusa maji, kisha upande wa Bunda unaingia kushoto kupitia Kibara hadi Kisorya. Ni siku nzima ya magari kwa sababu ya mtu mmoja, na sijutii hata kilomita moja. Magu tulisimama kwenye kiwanja cha zamani cha wakwe zangu. Umebaki mwembe, na kaburi la bibi.

Kisorya kivuko kilikuwa kinapakia. Wifi aliuliza jaketi zinawekwa wapi. Akaonyeshwa. Akazihesabu kwa kidole. Akauliza kinabeba watu wangapi, akahesabu watu. Mhudumu, kijana mdogo, hakuchoka kumjibu, namshukuru mpaka leo. Kisha akavaa, akapanda, akakaa kwenye benchi la katikati kabisa, macho kwenye sakafu ya chuma. Mwanangu akakaa upande mmoja, mimi upande wa pili. Kwa muda wote wa kuvuka nilihisi bega lake likitetemeka kama injini. Tulipogusa Rugezi alikuwa wa mwisho kushuka, na aliposhuka akakaa kwenye jiwe akalia. Tulimwacha alie.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya ziwa katika Afrika, na ukiwa katikati yake unasahau kama ni kisiwa: mihogo, michungwa, baiskeli, shule baada ya shule. Jioni hiyo tuliwahi Handebezyo, mawe yaliyopandana juu ya kilima chenye msitu, na kutoka juu kisiwa kinakurudia, maji kila upande. Bukindo tulipita na kuliona jengo la watemi wa Wakerewe kwa nje tu. Kwa huyo mwanangu apendaye vitabu nikamwambia kwamba Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896, aliandikia kisiwani hapa hadithi ndefu kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, kisha akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapwa mwishoni kabisa mwa uhai wake. Akaniuliza alisubirije miaka yote hiyo.

Ukara hatukwenda. Kuna jiwe maarufu linalocheza huko, na Wakara wanasifika kwa kulima vishamba vidogo kwa ustadi mkubwa, wakivirutubisha kwa samadi. Lakini Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu na gati la huko, wakafa watu zaidi ya 220, na sikutaka kumwomba Wifi hilo. Tutarudi.

Tulilala Nansio, ugali wa muhogo na sato wa kukaanga. Wifi alikula kidogo. Kabla ya kuzima taa akasema, "Kesho turudi na meli."

Siku ya saba, Ijumaa

Aliamka kabla ya adhana. Nilimsikia anazungumza na mama mwenye nyumba ya wageni, kisha nikasikia mwiko kwenye sufuria. Sikuuliza.

Nansio hadi Mwanza ni zaidi ya saa tatu majini. Wifi alivaa jaketi yake tangu gatini, na tulipokaa akaendelea kuivaa. Abiria wengine walimtazama, maana watu huziacha zilipo. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yetu, na kuku wawili kwenye kikapu, akamwuliza inavaliwaje. Wifi akainuka, akaenda kuchukua nyingine, akamvalisha, akavuta kila kifungo mara mbili. Kisha msichana mwenye mtoto mchanga naye akataka. Kabla kisiwa hakijazama nyuma yetu, benchi letu lote na la mbele yetu lilikuwa la rangi ya chungwa.

Upepo ulikuwepo, na meli ikayumba, si sana. Wifi alishika benchi kwa mikono miwili. Baada ya kama saa moja akainuka, akamwambia mwanangu amshike, wakaenda ukingoni. Niliwaona kwa nyuma. Aliinua mkono akaonyesha upande fulani wa maji, akaushusha. Mwanangu akauliza kitu, naye akamjibu kwa muda mrefu. Sikuwafuata. Niliona ni mambo ya ukoo wao.

Waliporudi akafungua mfuko, akatoa chupa. Uji wa mtama, wa moto bado. Akammiminia mwanangu kwanza, kisha mimi, kisha bibi wa kuku, na matobolwa yakazunguka benchi zima. Cha mwisho akajimiminia yeye, akanywa akitazama dirishani, ambako mawe ya Mwanza yalikuwa yameanza kuonekana.

Bandarini akavua jaketi, akakunja mikanda yake vizuri, akamkabidhi mhudumu kwa mikono miwili. "Wabeja," akamwambia. Kisha akamgeukia mwanangu.

"Chupa umeibeba?"

Akaitikisa ili shangazi yake asikie haina kitu.